Babu Alipotea Baharini 1944: Jina Lake Tulitafute Wapi?

Swali: Shikamoo mzee. Naandika kutoka Muheza kwa niaba ya baba yangu, ambaye sasa ana miaka 82. Baba yake aliingia Keya, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, mwaka 1942, baba akiwa bado tumboni. Barua yake ya mwisho ilitoka Mombasa mwanzoni mwa 1944. Alisema yuko kwenye mizinga na wanangoja meli. Miezi ikapita, jumbe akamwita bibi akamwambia mumewe "amepotea baharini". Bibi alikataa kukaa eda. Alisema aliyepotea huonekana. Alifariki akiwa bado amezihifadhi nguo za babu sandukuni. Je, yawezekana babu alitekwa na Wajapani? Jina lake limeandikwa popote? Na kuna bwana mmoja anadai shilingi 350,000 atujazie fomu za fidia ya Keya kutoka Uingereza. Tumpe?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na la mwisho, maana ndilo lenye haraka. Huyo bwana msimpe hata senti. Hakuna fomu ya fidia ya Keya ambayo mjukuu anaijaza leo akalipwa na Serikali ya Uingereza. Kulitafuta jina la askari aliyekufa vitani hakulipiwi kitu, na kama halipo, kuomba liandikwe nako hakulipiwi. Habari ya fedha nitairudia mbele kwa sababu ina dhuluma ndani yake ambayo inafaa muijue, lakini kwanza tumtafute babu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Yamo mambo matatu uliyoyataja kwa kupita tu, na kwangu ndiyo yenye uzito: mizinga, Mombasa, mwanzoni mwa 1944. Kwa anayefuatilia habari za Keya, hayo matatu yakikaa pamoja, akili inakwenda moja kwa moja kwenye meli iitwayo Khedive Ismail.

Meli hiyo iliondoka Mombasa tarehe 5 Februari 1944 katika msafara wa meli tano zilizobeba askari, zikisindikizwa na manowari, kwenda Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, karibu watu 1,000, wakipelekwa kwenye vita vya Burma, ambayo leo ni Myanmar. Wengine walikuwa mabaharia wa Kiingereza na wauguzi wanawake. Jumamosi ya tarehe 12 Februari, mchana, ilipokuwa karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliyojulikana kwa namba I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Aliyekuwa chini, kwenye vyumba vya ndani, hakupata hata nafasi ya kuifikia ngazi. Walikufa watu 1,297. Waliotoka hai walikuwa zaidi kidogo ya 200.

Swali lako la mateka linapata jibu hapo. Nyambizi ile haikupata nafasi ya kuokota mtu majini ikaenda naye. Manowari mbili za msafara, Paladin na Petard, ziligeuka kuiwinda, nayo ikajificha chini ya maji pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Mabomu ya kulipua chini ya maji yakatupwa watu wangali wanaogelea juu. Nalijua ni jambo zito kumsomea mzee wa miaka 82, na wewe ndiye utakayepima kama utamsomea. Nimeliandika kwa sababu mmekaa miaka themanini mkimfikiria babu yuko kambini mahali fulani, na familia ina haki ya kujua kwamba siku hiyo hiyo nyambizi nayo ilizamishwa. Kama babu alikuwa Khedive Ismail, hakutekwa. Ama alikuwa miongoni mwa wale 200 na ushei, ambao wangerudi au wangeandika, ama alikwenda na meli.

Nimesema "kama" kwa makusudi. Mizinga ya Afrika Mashariki ilikuwa na vikosi zaidi ya kimoja, na meli za askari zilizotoka Mombasa kwenda Ceylon zilikuwa nyingi. Wengi walifika salama. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wenye alama ya kichwa cha kifaru begani, ilipita Ceylon kabla ya kuingia Burma mwaka 1944. Ndani yake walikuwamo Watanganyika wa batalioni za 26 na 36 za Keya. Waliteremka bonde la Kabaw katika masika ya huko, matope yakiwafika magotini, na Desemba mwaka huo walikuwa Kalewa kwenye mto Chindwin. Waliokufa huko wana kumbukumbu zao mahali pengine, nitakapopataja baadaye. Lakini jumbe alisema "baharini". Mimi neno hilo nalichukua kwa uzito, kwa sababu jumbe hakuwa na sababu ya kulibuni. Alisomewa karatasi kutoka bomani, naye akalipeleka kwa bibi kama alivyolisikia.

Kuna neno moja hapa limewatesa wajane wengi wa Keya, nalo ni hilo "amepotea". Jeshi lilikuwa na madaraja yake: aliyeuawa, aliyekufa kwa maradhi, aliyetekwa, asiyeonekana. Meli ikizama katikati ya bahari na maiti haikupatikana, askari aliandikwa kwanza katika daraja la wasioonekana, na baadaye, muda ukipita, akahesabiwa kuwa amekufa. Hilo la kwanza ndilo lililofika kijijini. Hilo la pili mara nyingi lilibaki kwenye majalada, au lilikuja kwa lugha ambayo hakuna aliyeieleza vizuri. Kwa Kiswahili chetu kilichopotea hutafutwa, na kikitafutwa huonekana. Bibi yako alilielewa neno kama linavyoeleweka. Kosa lilikuwa la waliompa nusu ya habari wakamwacha nayo. Nimekutana na wajane, mmoja Korogwe na wawili upande wa Kenya, waliokataa eda kwa sababu hiyo hiyo, na wote walisemwa vibaya na jamaa za mume. Bibi asisemwe vibaya.

Kuhusu eda yenyewe, na kama mnaweza sasa kumswalia babu au kumsomea hitma, hilo si la kwangu. Mpelekeeni sheikh wenu. Mtu aliyepotea, mafkudi kama wanavyomwita, ana mlango wake katika fikihi, na masheikh wanaujua.

Sasa jina. Wapo wanaoshughulikia majina ya askari wote wa Uingereza na makoloni yake waliokufa katika vita viwili vikuu. Wanaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na kwenye intaneti utawapata kwa herufi CWGC. Askari wa mizinga waliozama na Khedive Ismail wametajwa kwa majina kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ulio ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Hawana kaburi kwa kuwa bahari haikuwarudisha, ila majina yamo. Waliopotea Burma kwenyewe, bila kaburi linalojulikana, majina yao yako Mnara wa Rangoon katika makaburi ya Taukkyan, kaskazini ya Yangon, pamoja na majina karibu 27,000 ya askari wa mataifa mengi. Ni mbali, lakini daftari lake liko kwenye tovuti hiyo hiyo.

Nikuelezee namna ya kutafuta, maana hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa bure. Mjukuu anaingia kwenye tovuti, anaandika jina la babu kama linavyoandikwa leo kwenye kitambulisho cha baba, haoni kitu, anafunga. Kumbuka nani aliandika jina lile. Karani wa jeshi, labda mgeni wa lugha, kuruta amesimama mbele yake amevua shati, mstari mrefu nyuma yake, na jina linasikika mara moja tu. Athumani huyo huyo anaweza kuwa Asumani, Osmani, Othman. Mbwana anaweza kuwa Bwana. Salehe akawa Sale, Hamisi akawa Amisi. Wengine wana jina moja tu, basi, na namba. Wengine jina la baba limeandikwa kama ndilo la ukoo, au limewekwa kwenye maelezo ya chini pamoja na jina la wilaya. Na kuna walioandikisha jina lisilo lao, kwa kuogopa au kwa kuwa walitoroka shamba la mkonge lenye kandarasi isiyokwisha.

Kwa hiyo usianze na jina. Anza na kikosi na tarehe. Kwenye tovuti chagua vita vya pili, kwenye nafasi ya kikosi andika East African Artillery, na tarehe ya kufa weka 12 Februari 1944. Italeta orodha ndefu. Ipitie yote taratibu, ukiwa na baba pembeni kama macho na nguvu vinamruhusu, na umsomee kwa sauti. Sikio la mzee litalitambua jina ambalo jicho lako limelipita. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Miaka kadhaa nyuma nilikwenda Nairobi na familia moja iliyokuwa ikimtafuta mtu wao wa meli hiyo hiyo. Vijana walikuwa na simu, wakiwinda jina kwa herufi, hawalipati. Mama yao, bintiye marehemu, alikuwa amekaa kwenye nyasi. Kijana mmoja akaanza kuyasoma majina kwa sauti, moja moja, kwa kuchoka tu. Alipofika jina fulani, ambalo kwa maandishi halikufanana kabisa na la kwao, yule mama akasema, "Rudia hilo." Likarudiwa. Akasema ndivyo bibi yake alivyokuwa akimwita mwanawe, kwa kikwao, na karani alikuwa amelipatia kwa sikio lakini si kwa herufi. Akasogea akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza akakipeleka hadi ya mwisho, akarudia tena. Baadaye tulipolinganisha namba ya jeshi na karatasi waliyokuwa nayo nyumbani, ilikuwa yeye.

Hiyo namba ya jeshi ndiyo itakayowathibitishia na ninyi. Jina hubadilika, namba haibadiliki. Fungueni tena hilo sanduku la bibi, mtoe nguo moja moja. Angalieni mifukoni, kwenye pindo, chini ya karatasi iliyotandikwa kwenye sakafu ya sanduku. Bahasha ya barua ya Mombasa kama ipo ni mali kuliko barua yenyewe, kwa sababu askari aliandika namba na kikosi chake nyuma ili ajibiwe. Stakabadhi za posho ambayo babu alimkatia bibi kutoka mshahara wake zinaweza kuwa na namba hiyo. Mkikuta nishani msivunjike moyo kwa kutoona jina: nyota za vita vya pili zilizotolewa na Uingereza kwa kawaida hazikuchorwa majina. Karatasi msizipitishe mashine ya kuweka plastiki, zinaharibika ndani kwa ndani. Pigeni picha mchana, kivulini mwa mwembe, pande zote mbili, kisha mzirudishe kwenye kitambaa safi cha pamba.

Kama nyumbani hakuna kitu, yapo majalada. Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina faili za utawala wa Mwingereza za majimbo na wilaya, na Jimbo la Tanga limo. Katika faili kama hizo hukutwa barua za bwana shauri, yaani ofisa wa Kizungu wa wilaya, kuhusu askari waliofariki, mali zao na warithi wao. Inachukua siku, nanyi mtahitaji jina la kijiji na jina la jumbe wa wakati huo, kwa hiyo andikeni yote baba anayoyakumbuka sasa hivi, leo. Nyaraka za Taifa za Kenya pale Moi Avenue, Nairobi, nazo zina mambo ya jeshi kwa sababu makao makuu ya Afrika Mashariki yalikuwa huko. Kule Kew, Uingereza, ziko shajara za vita za vikosi, lakini hizo zinaeleza mwendo wa kikosi zaidi kuliko habari za askari mmoja mmoja, sitaki mkagharamie hilo.

Na kama jina halipo popote? Basi mnaomba liwekwe. Tume inapokea maombi ya askari aliyesahauliwa, mradi alikufa akiwa kazini kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947 kwa vita vya pili. Wanataka ushahidi wa mambo mawili: kwamba alitumika, na kwamba alikufa humo. Ndiyo maana bahasha ile na jalada la wilaya ni muhimu. Ombi linaweza kuchukua muda mrefu. Subirini, kumbusheni, msione haya kukumbusha. Mnadai kilicho chenu.

Nasema hivyo kwa sababu kwa miaka mingi Mwafrika hakutendewa hivyo. Vita vya kwanza ndivyo vilivyotia aibu zaidi. Wapagazi waliobeba risasi na chakula vichwani, ambao Kariakoo ya Dar es Salaam imeitwa kwa ajili ya kikosi chao, walikufa kwa makumi elfu kwa njaa, kuhara na homa. Makaburi ya maofisa wa Kizungu yaliwekewa jiwe moja moja. Waafrika, askari na wapagazi pamoja, wakasimamishiwa masanamu ya jumla Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, yenye maneno ya kuwasifu wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, bila jina hata moja. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Tangu hapo wanatafuta majina kwenye majalada ya huku kwetu. Babu yako ni wa vita vya pili, kipindi ambacho majina yaliandikwa vizuri zaidi, na hilo ndilo linalonipa matumaini kuhusu familia yako. Kila familia inayoleta jina lenye ushahidi inawarahisishia na wengine ambao hawana wa kuwasemea.

Nirudi kwenye fedha. Zaidi ya watu 300,000 wa Afrika Mashariki walitumika katika vita vya pili, wa Tanganyika peke yao zaidi ya 80,000. Walipoachiwa, bakshishi ya kumaliza utumishi ilihesabiwa kwa rangi. Mwafrika alipata theluthi moja hivi ya alichopata Mzungu wa cheo kile kile, kwa vita vile vile. Jambo hili lilivuma mwaka 2019, wabunge wa Uingereza wakadai wazee waombwe radhi na walipwe. Huo uvumi ndio unaowapa watu kama huyo bwana wenu mtaji: amesikia kitu cha kweli, akakitia bei. Msaada uliopo kweli kweli ni wa wazee wenyewe walio hai waliotumika kabla ya uhuru, na wajane wao. Unatoka kwa Umoja wa Askari Wastaafu wa Jumuiya ya Madola, ulioanzishwa Cape Town mwaka 1921, na unapitia vyama vya huku, kwa Tanzania ni Tanzania Legion, kwa Kenya ni DEFOCA. Mwaka 2018 Serikali ya Uingereza iliuongezea karibu pauni milioni 12 ili wazee wapate angalau milo miwili kwa siku. Bibi yako angestahili. Hakuna aliyemwambia. Lakini waulizeni majirani: pale Muheza au milimani Amani kama yuko bado bibi kizee aliyekuwa mke wa Keya, hata kama mumewe alirudi salama na akafia kitandani, mtajeni kwa Legion wiki hii. Wamebaki wachache mno.

Wasomaji wengine wameniandikia kuhusu ndugu waliopotea katika vita vya karibuni zaidi. Mlango wao ni Msalaba Mwekundu wa nchi yao, unaoshirikiana na Kamati ya Kimataifa kule Geneva. Mkataba wa Geneva wa 1949 unamlazimu aliyeteka askari aandikishe majina ya mateka na kuyapeleka, na hawa ndio wanaoyahifadhi. Nao hawatozi kitu.

Kwa hiyo, binti yangu, fanya hivi kwa utaratibu huu. Leo jioni muulize baba majina yote ya babu: la kuzaliwa, la kuitwa na mama yake, la utani la vijana wenzake, la baba yake na la kijiji kabla hakijahamishwa. Kesho fungueni sanduku. Kisha nenda kwenye orodha ya tarehe 12 Februari 1944. Ukilipata jina na namba ikalingana, muombe mtu wa Nairobi akapige picha mstari ule. Makaburi ya barabara ya Ngong yanatunzwa, mtu anaingia bila malipo, na asubuhi mwanga hulala vizuri kwenye maandishi. Kama baba anaweza safari, basi la Tanga hadi Mombasa na treni ya kwenda Nairobi vinamtosha kwa mwendo wa polepole, na mimi nitafurahi kuwapokea.

Nami niandikie, lakini baadaye. Siku utakayoliona jina, kaa naye baba kwanza, umsomee yeye.